Siku ya snokeli kisiwani Maziwe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maziwe ni fungu la mchanga lililozungukwa na matumbawe, kama kilomita 8 kutoka ufuo wa Ushongo, wilayani Pangani, mkoa wa Tanga. Watu huenda huko kwa snokeli, yaani kuogelea juu ya maji ukitazama chini kwa miwani na mrija wa kupumulia. Maswali yaliyo hapa ndiyo wanayouliza watu kabla ya kulipia boti, na mengine ni yale ambayo wangepaswa kuuliza wakasahau.

Tuje tarehe gani?

Hili ndilo swali la kwanza, ingawa wengi huliuliza la mwisho, likizo ikiwa imeshaombwa na basi limeshalipiwa. Maziwe huamuliwa na mwezi wa angani. Fungu hutoka nje maji yakipwa, na maji yakijaa sana linafunikwa lote, usione hata pa kuweka mguu.

Siku nzuri ni za bamvua, yaani kuanzia mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku tatu nne zinazofuata. Ukitumia kalenda ya Kiislamu hesabu ni nyepesi: tarehe 1 hadi 4, kisha 14 hadi 18. Pwani yetu, siku hizo maji hukauka kabisa kati ya saa nne na saa saba mchana, wakati unaotakiwa hasa. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo kama leo yamekauka saa nne na nusu, keshokutwa yatakauka saa sita na dakika chache.

Siku za maji mafu, karibu na tarehe 7 na 22, mambo hugeuka: saa nne asubuhi maji yamejaa na yatakauka jioni. Snokeli inawezekana, tena mkondo ni mpole na anayejifunza atafurahi. Ila fungu litakuwa dogo na litatoka kwa kuchelewa, wakati nahodha anataka kurudi.

Na miezi je?

Desemba hadi Februari ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini. Maji yana joto, asubuhi mara nyingi ni shwari, na upepo hupanda mchana. Machi mwanzoni na Novemba ni maleleji, upepo unapobadilika, na siku tulivu zikipatikana hapo bahari huwa kama kioo. Vuli ikinyesha, subiri siku mbili tatu. Masika, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, hatushauri. Mto Pangani hubeba udongo kutoka bara mpaka baharini, na maji ya kahawia husambaa mbali na mdomo wa mto. Utavaa miwani uone chai ya maziwa.

Kusi, upepo wa kutoka kusini, huanza Mei na huwa kali Juni hadi Agosti. Si kwamba huwezi kwenda, ila ondoka mapema sana, jiandae kulowa wakati wa kurudi, na ukubali nahodha akisema leo hapana. Maji nayo huwa baridi kidogo, nyuzi 25 hivi, ukilinganisha na 29 au 30 za Machi. Baada ya nusu saa mtoto mwembamba ataanza kutetemeka.

Tunaondokea wapi?

Wengi huondokea Ushongo. Kutoka Tanga mjini ni kama kilomita 50 hadi Pangani, halafu unavuka mto kwenda Bweni na kuendelea kusini. Kwa boti ya faiba yenye injini, Ushongo hadi Maziwe ni nusu saa hadi dakika 45. Kwa ngalawa na tanga ni saa moja na nusu au zaidi, kutegemea upepo.

Ukiondokea Pangani mjini, boti hutoka kupitia mdomo wa mto. Pale pana fungu la mchanga chini ya maji, na maji yakiwa yamekauka huku upepo ukivuma, mawimbi huvunjika hapohapo. Nahodha mjuzi hutoka maji yangali na kina na hupanga kurudi yakiwa yameshaanza kujaa. Akikuambia mtatoka saa moja na nusu badala ya saa tatu, si kwamba anakuharakisha bure.

Tupande boti ya faiba au ngalawa?

Ngalawa ina mbawa mbili za pembeni, kwa hiyo haipinduki ovyo, haina kelele, na kwa watu wawili watatu ni raha tupu. Ubaya wake ni kupanda kutoka majini, maana haina ngazi na mbawa huwa njiani. Wenye watoto, wazee au wasiojua kuogelea wachukue faiba yenye ngazi inayofika angalau vipandio viwili chini ya maji. Ngazi inayoishia juu ya maji ni pambo tu. Mtu aliyechoka hawezi kuinua mguu hadi hapo.

Nimuulize nahodha nini kabla ya kulipa?

Usione haya. Nahodha makini hufurahi kuulizwa.

Jaketi za kuokolea: zihesabu moja moja, kila abiria na yake, na za watoto ziwe za watoto. Ya mkubwa humvuka mtoto kichwani akiingia majini. Ivae, ifunge, kisha mtu akuinue kwa kushika mabega ya jaketi. Ikipanda hadi masikioni, haikufai.

Mafuta: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Injini za kuchanganya, ambazo ndizo nyingi huku, hutumia petroli lita 50 kwa oili lita 1, maana yake dumu la lita 20 hutiwa mililita 400. Oili ikipungua injini hukwama, ikizidi plagi huchafuka na injini huanza kukohoa katikati ya safari. Kwa hiyo uliza: kuna plagi ya akiba na spana yake? Kuna pini ya propela ya akiba? Pini hiyo imetengenezwa ivunjike propela ikigonga mwamba ili gia zisiharibike, na bila nyingine injini itanguruma huku boti imesimama.

Jambo moja unaweza kulitazama mwenyewe. Injini ikiwaka, nyuma yake hutoka kamkondo kembamba ka maji, kama bomba la chai. Hayo ndiyo maji ya kuipoza. Kakikatika, mwambie nahodha papo hapo. Mara nyingi ni mfuko wa plastiki au majani yameziba tundu la kuingizia maji, na kuyatoa ni kazi ya dakika moja. Ukinyamaza, injini inaungua.

Mengine: makasia, upo au ndoo ya kukumbia maji, nanga yenye kamba ndefu, simu mbili za mitandao tofauti ndani ya mfuko usioingiza maji, na mtu ufukweni anayejua mmeondoka saa ngapi na mtarudi saa ngapi.

Bei inajumuisha nini?

Uliza kama ni ya boti nzima au ya kila kichwa, na kama mafuta, vifaa, mwongozaji na chakula vimo. Maziwe ni eneo tengefu, na kiingilio chake hutozwa na Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, chombo cha serikali kilichotokana na sheria ya mwaka 1994, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo njoo na kitambulisho. Malipo hufanywa kwa kumbukumbu namba. Dai risiti, maana ndiyo inayoonyesha kuwa fedha imefika kunakohusika.

Sijui kuogelea. Nije?

Njoo, kwa masharti. Vaa jaketi muda wote, na anza kwenye maji ya kiunoni kando ya fungu, siyo kwa kuruka kutoka kwenye boti. Simama, inama, tia uso majini, pumua kwa mrija dakika mbili bila kwenda popote. Kifua kitakataa mwanzoni. Ni kawaida, mwili haujazoea kuvuta hewa uso ukiwa majini. Pumzi ikishatulia, lala juu ya maji huku mwongozaji amekushika mkono au umeshika boya la mviringo. Wengi huhitaji robo saa tu, kisha hawataki kutoka.

Anayekataa kuvaa jaketi kwa sababu ya picha abaki mchangani.

Miwani yangu inaingiza maji. Kasoro iko wapi?

Mara nyingi si miwani. Kwanza ipime: iweke usoni bila kuvuta mkanda nyuma, vuta hewa kidogo kwa pua, achia mikono. Ikibaki usoni, inakutosha. Ikianguka, jaribu nyingine hata kama hiyo ni mpya na ya bei kubwa.

Ikikutosha na bado inavuja, tafuta unywele mmoja uliopita chini ya mpira. Mmoja unatosha. Wenye masharubu huvujiwa juu ya mdomo, na kupaka mafuta mazito ya mgando hapo husaidia. Kwa akina mama na dada wanaovaa mtandio au kofia ya kuogelea ya stara, ukingo wa kitambaa usiingie chini ya mpira wa miwani. Mpira ukae kwenye ngozi tupu kuzunguka uso, kisha mkanda upite juu ya kitambaa. Chagua vazi la kuogelea la stara linalobana kiasi. Dera na kanga hujaa maji, huwa nzito na hunasa miguuni.

Kosa jingine ni kukaza mkanda kupita kiasi. Mpira hujikunja na maji hupita palepale ulipokaza. Na ukitabasamu mashavu huinuka, maji yanaingia. Cheka ukishatoka.

Na ukungu?

Miwani mpya ina utando wa kiwandani. Isugue ndani kwa dawa ya meno nyeupe ya kawaida, kwa kidole, mara mbili tatu, kisha suuza. Siku ya safari, kabla ya kuingia, temea mate ndani ya kioo kikavu, sambaza, suuza mara moja tu kwa maji ya bahari na uvae. Tone la shampuu ya watoto hufanya kazi hiyohiyo. Usiipandishe kwenye paji la uso baada ya hapo: joto la kichwa huleta ukungu, na wimbi dogo linaweza kuichukua.

Maji yameingia kwenye mrija, nafanyaje?

Usivute pumzi. Puliza kwa nguvu mara moja, kama unayetoa kipande cha muwa kilichoziba bomba. Kisha vuta polepole, maana matone hubaki. Hifadhi pumzi kidogo kila mara kwa ajili hiyo. Maji yakiingia kwenye miwani, bonyeza sehemu ya juu ya fremu kwenye paji la uso, tazama juu kidogo, toa hewa kwa pua: maji hutokea chini.

Mrija usizidi sentimita 40 hivi. Mrefu zaidi hubakiza hewa uliyokwisha kuipumua nawe unaivuta tena, kichwa kinauma. Miwani ile inayofunika uso mzima hatuipendi. Hewa chafu inaweza kurundikana ndani, nayo haivuki haraka mtu akishtuka.

Mkondo ukoje, na boti itatia nanga wapi?

Hapa ndipo watu wanapochoka na kuogopa, kwa hiyo soma taratibu. Maji yakipwa au kujaa hupita kando ya mwamba kama mto. Nguvu yake ni kubwa katikati ya muda, na hulegea karibu na kukauka au kujaa kabisa. Ndiyo sababu mnataka kufika kama saa moja kabla maji hayajakauka na kuogelea wakati huo wa utulivu.

Kabla ya kuruka, tazama kamba ya nanga imevutwa wapi. Anza kwa kuogelea dhidi ya mkondo, ukiwa na nguvu mpya, ili wakati wa kurudi maji yakusaidie. Wanaoanza kwa kufuata mkondo huona wanaogelea vizuri ajabu, mpaka wanapogeuka na kuiona boti ndogo kama kifuu cha nazi. Ikitokea, usipambane. Inua mkono mmoja juu, ulale chali, usubiri boti. Mabaharia wafunge nyuma ya boti kamba ya mita 20 au 30 yenye boya mwishoni, ya kushika aliyepitiliza.

Nanga itupwe kwenye mchanga, si kwenye matumbawe, na kukiwa na boya la kufungia litumike hilo. Urefu wa kamba uwe angalau mara tatu ya kina, na bahari ikichafuka mara tano. Mtu abaki botini wakati wote. Boti isiyo na mtu ikiachia nanga, hakuna wa kuifuata.

Tutaona nini?

Kwenye mwamba wa maji ya mita 2 hadi 6, siku yenye uangavu: pono wakiguguna matumbawe hadi unasikia kwa masikio, kangaja kwa makundi, kikande, chewa mdogo akikutazama kutoka pangoni, mkunga aliyetoa kichwa tu. Pweza yupo, ila hubadilika rangi mbele yako na utampita. Tazama pale palipo na maganda ya kaa yaliyotupwa mlangoni mwa tundu. Kasa huonekana, hasa kwenye nyasi bahari. Pomboo wakati mwingine hufuata boti, na kati ya Julai na Oktoba nyangumi hupita mbali kidogo.

Silikanti hutamwona. Samaki huyu alidhaniwa kutoweka pamoja na dinosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na Tanga ina hifadhi ya bahari yenye jina lake tangu 2009. Yeye huishi kwenye kina cha zaidi ya mita 100.

Sehemu nyingine utakuta vifusi vya matumbawe yaliyovunjika, kijivu, bila samaki. Mengine ni athari ya uvuvi wa baruti ulioitesa pwani ya Tanga kwa miongo, mengine ni joto la bahari, kama la mwaka 1998, lililofanya matumbawe kufukuza mwani mdogo sana unaoyapa chakula na rangi hadi yakawa meupe. Inauma kuona. Lakini tazama kwa karibu juu ya vifusi hivyo: utaona vidoa vya zambarau na kahawia, vidogo kama sarafu. Hayo ni matumbawe machanga yameanza upya.

Kwa nini mnakazania tusikanyage?

Kwa sababu tumbawe gumu la mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Lenye ukubwa wa meza ya kahawa lilianza kabla babu yako hajazaliwa. Pezi moja la kuogelea linatosha kumega kilichochukua muda huo. Ukitaka kusimama, tafuta mchanga. Ukikosa, lala chali. Konokono na makome yabaki yalipo hata yakiwa matupu, maana kaa hutafuta nyumba humo. Ndani ya eneo tengefu uvuvi ni marufuku pia, hata kwa mshipi wa mtoto.

Naweza kuzama chini kidogo?

Kama masikio yanakubali. Bana pua na upulize taratibu kila unaposhuka mita moja, kabla ya maumivu, siyo baada. Usihemehe haraka haraka kabla ya kuzama ukidhani unajaza hewa. Unachofanya ni kupunguza hewa chafu mwilini, ile inayoambia ubongo kwamba pumzi imekwisha, na unaweza kuzimia ukiwa chini bila dalili yoyote. Mmoja azame, mwenzake atazame kutoka juu.

Vipi kuhusu wanaochoma?

Wale wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi ndio huumiza wengi, hasa wanaotembea peku kwenye mwamba. Mwiba huvunjika ndani ya ngozi. Usiuchokonoe kwa sindano. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoyavumilia, yasiyozidi nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Dawa hiyo ni ya samaki jiwe na mwiba wa taa pia, kwa kuwa joto hupunguza makali ya sumu, ila hao wawili ni wa kwenda hospitali bila kusubiri. Pangani kuna hospitali ya wilaya, na Tanga mjini ipo ya rufaa ya mkoa, Bombo. Wengi pwani hupaka utomvu wa papai bichi kwenye miiba. Pakeni mkitaka, lakini maji ya moto yatangulie. Kwa hiyo chupa ya chai ibebwe ikiwa na maji ya moto, hata kama hakuna mnywa chai.

Konyeza akikugusa, suuza kwa maji ya bahari, siyo ya kunywa, na ondoa nyuzi zake kwa kibano. Usisugue na mchanga.

Nikiugua bahari?

Kunywa dawa kabla, si baada ya kuanza kutapika. Muulize mfamasia, sinarizini huhitaji kama saa mbili kabla ya safari. Kula kitu chepesi, mfano chapati moja au ndizi, siyo supu yenye mafuta. Kaa karibu na tezi, yaani nyuma, ambako boti hairuki sana kama omo, yaani mbele, na tazama nchi kavu, siyo simu. Boti ikisimama kwenye mawimbi ndipo hali huzidi, na mara nyingi kuingia majini hutuliza.

Tubebe nini?

Maji ya kunywa lita 2 hadi 3 kwa kila mtu, kwa sababu kule hakuna hata tone. Hakuna choo wala kivuli. Zamani kulikuwa na mivinje, lakini mawimbi yalikula kisiwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ya mwisho ilikuwa imekwisha. Beba turubai na fito mbili, au mwavuli mkubwa. Fulana ya mikono mirefu ni bora kuliko krimu, maana jua huchoma mgongo, kisogo na nyuma ya mapaja ukiwa umelala juu ya maji bila kuhisi. Ukipaka krimu, chagua ya zinki na uipake nusu saa kabla ya kuingia.

Chakula kiwe cha kuliwa kwa mkono: mkate wa kumimina, samaki wa kukaanga, machungwa ya Muheza. Madafu yakifunguliwa, vifuu virudi na boti pamoja na maganda na chupa zote.

Kasa hutaga hapo. Tufanye nini tukiona kiota?

Piteni mbali, msichimbe, msiweke mwavuli juu yake. Kwa kuwa fungu hufunikwa na maji, mayai yakiachwa yangeoza, kwa hiyo wahifadhi huyahamishia ufukweni Ushongo, ambako huanguliwa baada ya siku 50 hadi 60 hivi. Ukiona nyayo kama za tairi la trekta kutoka majini, mwambie mwongozaji.

Tukikosa Maziwe, kuna kwingine karibu na Tanga mjini?

Kuna visiwa vya Ulenge na Yambe. Kisiwa cha Toten, ndani ya ghuba, ni kizuri kwa magofu ya misikiti na makaburi, lakini maji yake yana tope la mikoko na meli hupita jirani, hivyo miwani iacheni nyumbani.

Tuondoke fungu saa ngapi?

Nahodha akisema. Kama hajasema, chomeka kijiti mahali maji yanapogusa mchanga yakiwa yamekauka kabisa. Maji yakikipita hatua kumi, kusanyeni vyombo, hesabuni watu, kisha hesabuni tena mkiwa botini kabla nanga haijang'olewa.